Sidii Yenye Kitambaa cha Bluu

Wiki mbili nimekosa usingizi kwa swali ambalo mtu mwenye shughuli zake hawezi kujiuliza: siku ile, nikiwa darasa la tano, nilibonyeza kufuta haraka au kufuta kabisa? Cheka tu, rafiki yangu. Na mimi ningecheka kama lingekuwa la mtu mwingine.

Lilianza nilipomaliza chuo na kurudi Newala kwa bibi, nikiwa na shahada ya kompyuta na sina kazi. Bibi alinituma nipeleke kisamvu kwa jirani yetu, Mama Somoe. Nikamkuta shambani nyuma ya nyumba, mtama wake umezungushiwa sidii za zamani zilizofungwa kwa kamba, zinamulikamulika kutisha ndege. Nikasimama kama nimepigwa.

"Shikamoo, Mama Somoe."

"Marahaba. Mbona unaziangalia hivyo? Za filamu hizo. Ya mama yangu iko kabatini, ingawa haina kitu. Si unakumbuka mjomba wako alivyoifuta?"

Nikaitikia kwa kichwa. Nakumbuka vizuri sana, kwa sababu aliyeifuta ni mimi.

Labda umesahau zama zile. Mjomba alikuwa na duka la stationery pale Masasi, chumba kimoja chenye harufu ya wino na vumbi jekundu, na kompyuta iliyounguruma kama mashine ya kusaga. Ndani yake kulikuwa na programu ya bure ya kuchoma sidii, yaani kuzirekodia nyimbo na picha, aliyopewa na rafiki yake. Sidii za kawaida ukishachoma umechoma. Lakini zilikuwepo zile za kufutika, ghali kidogo, na bibi alikuwa na moja. Moja tu! Aliitumia kama sufuria. Mwezi huu ina kaswida, mwezi ujao harusi ya kijijini Mnyambe, mwezi wa tatu inafutwa tena. Mjomba alimsihi anunue ya pili. "Ya nini," bibi alisema, "kwani hii imekufa?" Basi kila likizo nilipokwenda kwa mjomba nilibebeshwa ile sidii ndani ya kopo la siagi, na maagizo marefu kuliko safari yenyewe.

Bibi hakutaka iandikwe kwa kalamu, maana kilichomo hubadilika. Aliitia alama kama ndoo. Kwetu Newala maji ni ya foleni, na kila ndoo bombani ina kitambaa chake kwenye mshikio ili isipotee. Bibi akapitisha kipande cha khanga nyekundu kwenye tundu la sidii, akafunga fundo. Mjomba alikereka kila mara, kwa kuwa ilibidi akifungue kabla ya kuiweka kwenye mashine.

Likizo moja ya Juni, kopo lilibeba sidii mbili. Ya pili ilikuwa ya Mama Somoe, nayo ya kufutika, kwa sababu siku aliyonunua ndizo pekee zilizokuwa zimebaki dukani. Ilikuwa na sherehe ya mwanawe kutoka unyagoni: wali watendeni, ndio watoto waliotoka kuchezwa, wanatembezwa, vigelegele, na katikati mama yake Mama Somoe akiongoza nyimbo kwa sauti yake nene. Mama yake huyo alifariki kabla ya masika. Mpiga picha naye alikuwa amesharekodi sherehe nyingine juu ya kanda yake. Sauti ilibaki kwenye sidii ile tu, na Mama Somoe aliileta itolewe nakala ili isije ikapotea. Umesikia? Isije ikapotea. Naye, kwa kumwiga bibi, aliifunga kitambaa, cha bluu.

Mjomba alipokwenda kuswali adhuhuri aliniambia, "Ifute ya bibi yako, ya jirani usiiguse." Nilijua kazi. Nikafungua vitambaa vyote viwili kwa pamoja, nikavipanga mezani vizuri, chekundu huku, cha bluu kule. Kisha nikatazama mikononi. Sidii mbili za rangi ya fedha, zimefanana kama mayai.

Mtu mzima angesubiri. Mimi nikaamua kwamba ya mkono wa kulia ni ya bibi. Programu ikanipa njia mbili, haraka au kabisa, nikabonyeza moja, nikaanza kula ming'oko aliyoniachia mke wa mjomba, ile mizizi ya porini inayochemshwa na kumenywa kwa meno. Ilipomaliza nikaweka ya pili. Kaswida za bibi zikaanza kuimba.

Nikaifuta na hiyo, kisha nikavifunga vitambaa mahali pake.

Mjomba akaikuta ya bluu haina kitu. Akapangusa, akapuliza, akaizima kompyuta na kuiwasha. Mwishowe akaulaumu umri wa mashine. Mama Somoe alipopata habari alikuja Masasi mwenyewe.

"Nimekuletea sauti ya mama yangu, umenirudishia kioo!"

"Mama Somoe, wallahi mimi sikuigusa."

"Kwa hiyo imejifuta yenyewe? Imeona aibu?"

Nilikuwa pembeni nikiwachongea wateja penseli. Nilichonga moja mpaka ikabaki kifutio. Tangu siku hiyo Mama Somoe hakumsalimu mjomba tena, hata kwenye msiba walipishana bila kutazamana.

Sasa swali langu. Chuoni nilijifunza kwamba kufuta haraka hakufuti. Kunaondoa orodha tu, kama kuchana ukurasa wa yaliyomo na kuacha kitabu kizima. Mtu mwenye mashine inayokubali na bahati kidogo anaweza kuyarudisha yaliyomo. Kufuta kabisa ndiko kunakomaliza, na huchukua muda. Nikajihoji kama polisi: programu ilipomaliza, nilikuwa nimefika wapi na ming'oko? Nina hakika sikuwa nimemaliza mmoja. Basi ilikuwa haraka! Halafu nikajishuku: labda kumbukumbu inanibembeleza. Labda nilikuwa sina hamu ya kula.

Nikatunga mpango. Niiazime sidii kwa kisingizio, niirudishe sauti kimyakimya, kisha nimpelekee kama zawadi na kukiri huku anafurahi. Ikishindikana, nisikiri. Niliupenda mpango huo siku tatu, ya nne ukanichefua. Isitoshe, kompyuta yangu mpya haina hata mahali pa kuingizia sidii. Miaka minne ya chuo, tundu hakuna!

Alhamisi asubuhi nikaenda kwa Mama Somoe kabla sijanywa chai.

"Mama Somoe, sidii yako niliifuta mimi. Mjomba hakuwepo, alikuwa msikitini."

Alikuwa anapepeta. Ungo ukasimama.

"Wewe?"

"Mimi. Huenda bado imo. Huenda haimo. Sijui."

"Kwa hiyo mjomba wako nimemnunia bure miaka yote hii," alisema, "nawe unapita hapa kila siku, shikamoo Mama Somoe, shikamoo Mama Somoe." Akaingia ndani. Nikadhani hatoki. Alitoka amejitanda khanga safi, kopo la siagi lenye sidii kifuani.

"Twende Masasi."

"Nikubebee, mama?"

"Wewe hii hushiki."

Duka siku hizi ni la miamala ya simu. Harufu ya wino haipo, wala foleni ya watu na makopo yao, wala bibi anayetuma salamu ndani ya sidii. Hakuna anayefuta kitu ili atumie tena. Simu ikijaa wananunua nyingine. Kompyuta ya zamani iko stoo, chini ya magunia ya korosho, na mjomba aliposikia tunaitaka alianza kuyasogeza bila kuuliza, huku akimtupia Mama Somoe jicho la woga.

"Acha kwanza, mjomba," nikasema. "Kompyuta iwake isiwake, hili ulijue. Kaa, nikuambie nani aliifuta."