Zamu ya Mama Kwenye Darubini

Nimechoka na nyota. Nasema hivyo na ndiyo kazi yangu: nafundisha fizikia chuoni, karibu na Kahawa Wendani, na kila mwaka sisi walimu watatu hupakia darubini kwenye pikapu na kwenda mashariki ya Thika, kwa wakulima, kwenye tamasha la anga la giza. Mwaka huu ulikuwa wa kumi na moja. Mgongo wangu unajua kila shimo la hiyo barabara. Maswali nayo ni yale yale. Mwalimu, hiyo kitu inaweza kuona mbinguni? Mwalimu, ni kweli watu walifika mwezini ama ni za mtandao? Najibu, halafu najibu tena.

Safari hii nilikuwa na jambo langu. Mama yangu, anayeishi Kamenu, ana presha ya macho. Jicho la kushoto lilikwisha zamani, na daktari alikuwa amesema la kulia halina muda. Miaka yote hiyo nimewaonyesha watoto wa watu Zohali, ile sayari yenye pete, nikawaonyesha wazee wa kanisa na hata chifu, na mama mzazi namwambia, "Mwaka ujao, maitu." Nilijionea aibu. Basi nikamkalisha mbele kwenye gari, blanketi magotini, tukaenda.

Tulifika giza likianza kuingia. Ngai! Uwanja wa kanisa ulikuwa unawaka kama wa harusi. Wenyeji walikuwa wamekodi jenereta na taa kubwa za kufunga juu ya nguzo.

"Mgeni hapokelewi gizani, mwalimu," mwenyekiti wa kamati akanieleza kwa upole. "Watu watasema sisi ni watu gani?"

Nikamwambia hilo giza ndilo tulilolifuata. Akacheka, akidhani natania. Halafu ikaja chai, maana huwezi kubishana na mtu kabla hujanywa chai yake, na baada ya chai maombi marefu. Taa zilipozimwa mawingu yalikuwa yameshaanza kupanda upande wa mlima Kilimambogo. Nilitega darubini kwa hasira.

Foleni ikafunguka yenyewe, watu wakimpisha nyanya. "Cucu apite! Cucu apite!" Nikamshika mama mkono, nikamwinamisha, nikamwekea jicho la kulia mahali pake. Alikaa hapo muda mrefu.

"Naona," akasema.

"Na pete?"

"Iko. Kitu kizuri kweli. Mungu ni mkubwa."

Watu wakapiga makofi, na mimi machozi yakanilengalenga. Baada yake walitazama kama kumi hivi, kisha mawingu yakafunika kila kitu na wengine wakaenda nyumbani wakinung'unika.

Sasa, sisi walimu tunawajua watu wetu. Mtu atakwambia ameona hata kama hajaona, asikuvunje moyo baada ya wewe kutoka mbali hivyo. Ndiyo maana huwa tunauliza kidogo: kile kinukta kando ya sayari, yaani mwezi wake, kiko upande gani? Mama sikumuuliza pale. Nilingoja tuingie kwenye gari.

"Maitu, kile kinukta ulikiona upande gani?"

Alikuwa anapapasa mlango akitafuta mkanda.

"Mami," akasema. Huniita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake. "Usinipe mtihani. Hilo jicho lilizimika Pasaka. Siku hizi naona mwanga tu."

"Pasaka! Mbona hukuniambia?"

"Nilikupigia simu. Ukasema uko na wageni wa darubini, utanipigia ukimaliza."

Ni kweli nilisema hivyo. Na sikumpigia.