Kiazi cha benchi letu

Asubuhi hii nimefunua sufuria nikakuta viazi vilivyosahaulika, vimechacha na kuota manyoya. Harufu ile ninaijua.

Nilipokuwa mtoto, maître, mwalimu wetu, alitaka tuone vidudu vinavyokaa shuleni. Kila mtoto alipangusa kitu kwa pamba yenye maji, akaipaka juu ya kipande cha kiazi kilichochemshwa, akakifunika ndani ya chupa. Mmoja alipewa mlango, mwingine kengele.

“Maître, yeye apanguse banc yetu,” akasema msichana niliyeketi naye, akininyooshea kidole. “Inanuka samaki!”

Darasa likacheka. Kwetu Wagenia kulikuwa kando ya maporomoko, papa, baba yangu, alitega samaki, na asubuhi wenzangu waliposalimiana kwa mkono, wangu waliuruka. Bon, kunuka nilinuka kidogo, si uongo. Lakini nilipopangusa benchi niliomba kiazi changu kibaki cheupe.

Hakikubaki. Tulipofunua chupa baada ya siku kadhaa, kilikuwa na madoa ya njano. Cha mlango kilikuwa na manyoya, cha kengele pia. Labda changu kilivizidi hivyo, labda hapana. Hapo siiamini sana kumbukumbu yangu. Kilichozidi vyote kilitoka kwenye kiti cha maître, nacho kilikuwa kijani kabisa. Alikitazama, akacheka mpaka akaegemea ubao.

“Alors, mimi ndiye chef, mkubwa wa vidudu!”

Kesho yake yule msichana alisalimia benchi la mbele, akafika kwangu, akasimama.

“Leta mukono, mutoto ya Wagenia,” alisema. “Ata maître iko na vidudu.”

Mkono wake ulikuwa na joto na vumbi la chaki. Nilimtazama baadaye: hakuupangusa kwenye sketi.