Bakuli la Maji Kabla ya Mawindo

Ujumbe ulipoingia kwamba nimeshinda kura ya kuwinda, nilikuwa dukani, mtaa wa Greyville, nikibadilisha kioo cha simu ya mteja, na nusura nikipasue upya. Tangu siku hiyo sikukaa chini. Mama alisema nimeingiwa na siafu miguuni.

Kuna pori moja la serikali, mbali kaskazini, ambalo wakati wa baridi huwafungulia wawindaji wachache kwa kura. Hakuna wa kukuongoza, kukupikia wala kukuchunia mnyama. Unafika na hema lako, chakula chako na akili zako. Nilikuwa nimetazama video nyingi za watu wa ng'ambo wanaokwenda hivyo milimani kutafuta wale paa wao wakubwa, nikawa nawaza, kumbe na sisi tunaweza. Kibali changu kiliruhusu tandala dume mmoja na watu watatu. Hao watatu sikuhitaji kuwatafuta: mimi mwenyewe, mlinzi wa duka la jirani, Mzulu mpole mwenye leseni na bunduki yake, aliyekuwa akinifundisha kulenga, na baba.

Baba ndiye aliyekuwa sababu. Huko kwetu, milima ya Kivu, alikuwa mwindaji wa kutajwa. Hapa ugenini, mtaa wa Albert Park, anashinda kwenye baraza la ghorofa ya nane akisikiliza honi za taxi. Macho yake yanaingia ukungu, na daktari ametuambia waziwazi kwamba kilichopotea hakirudi na kilichobaki kinakwenda. Siku moja aliingia barabarani robot, kama wanavyoita hapa taa za njia panda, ikiwa nyekundu, akisisitiza kwamba ni ya kijani, nikamvuta kwa koti. Nilitaka aione pembe ya tandala angali anaona pembe. Na nilitaka nionwe nami nikitembea nyuma yake, kwa sababu nilipokuwa mdogo aliwachukua kaka zangu na mimi nikabaki.

Nilibaki mlangoni na mama. Mama hakuuliza kitu. Kwetu mwindaji haulizwi atarudi saa ngapi. Ukimwuliza, unamfungia njia. Kwa hiyo alikuwa anasimama tu, kisha anaingia ndani kusonga ugali wa watu ambao hajui watakula lini.

Basi nikaanza kujitayarisha kama mwehu. Lifti yetu haifanyi kazi, nami nilishukuru kwa mara ya kwanza: nilijitwika mfuko wa unga mgongoni nikapanda na kushuka ngazi hadi majirani wakadhani nahama kidogo kidogo. Nilipima upepo barazani kwa kumwaga poda ya mtoto, ikatua juu ya nguo za mama mmoja wa Kirundi wa ghorofa ya chini, akanisema mchana kutwa. Jumamosi nilimpeleka baba kitongoji cha Westville tukatembea kwenye vijia vya miti, yeye akinionyesha namna ya kutanguliza ukingo wa unyayo, watu waliokuwa wakikimbia na mbwa wao wakitupisha kwa adabu ya mashaka. Nyumbani nilitandaza ramani mezani, nikazikunja, nikazitandaza tena. Hema lilikaa sebuleni wiki nzima. Usingizi ulikuwa wa vipande.

Mama alikuwa akisogeza vitu vyangu apate pa kuweka sahani. Aliniuliza kama huko baridi ni kali. Aliniuliza kama tandala ana sauti. Nilimjibu harakaharaka nikiwa nahesabu kamba. Mara mbili nilikuta viatu vyangu vipya vya porini vimelegezwa kamba na vimeelekea upande mwingine, nikadhani baba ameshindwa kuona na kujaribu visivyo vyake.

Jumapili ya mwisho, baada ya ibada, baba aliomba bakuli la maji. Nilijua ni la nini, ingawa sikuwa nimeliona tangu utoto. Kabla ya mawindo kila mtu wa nyumbani anasema kinyongo alicho nacho, anatia maji kinywani na kuyatema kizingitini. Nyumba yenye kinyongo haitoi mwindaji, maana mnyama hatajionyesha, au atajionyesha vibaya. Mchungaji wetu asingelipenda jambo hilo, lakini mchungaji hakuwa ndiye anayekwenda porini.

Baba alianza. Alisema alinikasirikia kwa kumvuta koti mbele za watu, akatema. Mimi nilisema kile nilichokaa nacho miaka yote, kwamba hakuwahi kunipeleka. Nikaona aibu. Aliitikia kwa kichwa, akasema amesikia, nikatema. Nilijihisi mwepesi. Nikaanza kuwaza kama gesi ya jiko itatosha.

Mama alisema hana kitu. Akalisukuma bakuli.

Baba hakulipokea. Alimwambia amekaa naye muda mrefu kiasi cha kujua jinsi anavyosukuma bakuli akiwa hana kitu. Mama alifuta meza iliyokuwa safi, akazunguka jikoni, akarudi, akakaa mbele yangu badala ya mbele ya baba.

“Miaka yote mulikuwaka munaenda, mi nabakia ku mlango,” alisema. “Sasa na weye unaenda, na mi nabakia tena. Hakuna mutu alishaka niuliza kama na mi nataka kuona.”

Alisema kwa sauti ya chini kabisa. Hapo ndipo viatu viliponijia akilini, na baridi, na sauti ya tandala. Nilikasirika, na ninakiri hasira ile haikuwa juu yake. Nilikuwa na nafasi tatu. Bila mlinzi hakuna bunduki, bila mimi hakuna kibali, na bila baba hakuna maana. Nikaanza kusema kwamba mwaka ujao tutajaribu kura tena. Mama anaweza kungoja hadi mwaka ujao, nilisema, ila macho ya baba hayangoji. Nilikuwa na haki kabisa, na kila neno lilinitoka kama mchanga.

Baba aliinua mkono ninyamaze. Alikaa ameelekeza uso dirishani, kwenye mwanga, kama anavyofanya siku hizi.

“Mi nilishaona tandala,” alimwambia mama. “Weye ungali bado. Enda. Mi nitabakia.”

Nilitoka nikalia kwenye ngazi, bila mfuko wa unga safari hii. Niliporudi mama alikuwa ametema maji yake na anapanguza kizingiti.

Jina kwenye kibali lilibadilishwa kwa simu moja. Nilikuwa nimetamani wakatae. Siku zilizobaki baba alimfundisha mama ukumbini: ukingo wa unyayo kwanza, kisha kisigino, na usiangalie miguu. Mama alikuwa akicheka hadi anashika ukuta. Viatu vyangu vilimtosha akivaa soksi mbili. Mimi nikaenda na raba za kazini.

Asubuhi ya safari mlinzi alipiga honi chini, pikapu yake imekwisha pakiwa. Baba alisimama mlangoni. Alimkagua mama kwa vidole, kola, vifungo, mkanda wa begi, kwa kuwa kwa macho asingemaliza. Kisha mikono yake ikakosa la kufanya.

“Mutarudi saa ngapi?” aliuliza.

Nadhani alijisikia mwenyewe alipokwisha sema. Mama alikuwa tayari ameshika reli ya ngazi, wala hakugeuka.

“Muwindaji habamuulizake,” alimjibu.

Tulishuka, mama mbele, akitanguliza ukingo wa unyayo kwenye saruji kana kwamba pori linaanzia hapo. Kutoka ghorofa ya nane hadi chini nilikuwa nasikiliza mlango wetu ufungwe. Haukufungwa.