Chembe Zenye Kumbukumbu

Kila asubuhi, kabla sijaweka miguu chini, nakunja ngumi. Ikifunga vizuri nashusha pumzi. Halafu naanza kuwaza kwamba labda leo imefunga kwa ukaidi kidogo kuliko jana, naikunja tena na tena, mpaka vidole vinauma kwa kukunjwakunjwa, na hapo napata sababu mpya ya kuogopa.

Namtafuta mama kwenye vidole vyangu. Alikuwa na baridi yabisi, si ile ya magoti ya wazee inayosumbua wakati wa masika, bali ile iliyomshika kabla hajazeeka ikampinda vidole kama tangawizi. Hakuweza kushika kikombe kabla ya kuloweka mikono. Mimi ndiye niliyemmiminia maji ya uvuguvugu kwenye beseni la bati, naye akisugua vifundo kwa dole gumba, akizungusha taratibu, bila kusema lolote isipokuwa, “Yanapoa, ongeza.” Alifariki nikiwa chuoni. Nyumba yetu iko kando ya njia ya Kwihara walikopita watu wa misafara, na yeye alizoea kusema kwamba ukiamka mapema utawasikia wapagazi wakitua mizigo. Mimi siwasikii. Nasikia beseni.

Chuoni nilisomea baiolojia, na nadhani ni kwa sababu yake. Nilisoma habari za watafiti wanaofyonza ute wa kiungo kilichovimba ili waangalie chembe za kinga zilizojazana humo. Kazi ya chembe hizo ni kumlinda mtu. Kwa mwenye ugonjwa wa mama, zinavishambulia viungo vyake mwenyewe kana kwamba ni vya mgeni. Na baadhi yake zina kumbukumbu: zikishamhesabu mtu kuwa adui, hazimsahau. Neno hilo, kumbukumbu, nilikaa nalo kuliko mtihani ulivyohitaji.

Kisha dada akaugua. Yeye ni mkubwa wangu, fundi cherehani, na ndiye aliyerudi kutoka kwenye ndoa yake Nzega baada ya msiba wa mama akashika nyumba. Ngozi ilimpauka, akawa anavilia damu hata akigusa meza. Hospitali kubwa ya mbali wakasema uboho wa mifupa yake umeacha kutengeneza damu. Aliishi kwa damu ya kuongezewa, na tiba ya kudumu ilikuwa kupandikizwa uboho wa ndugu. Tumboni mwa mama tulitoka wawili tu. Nikapimwa, uboho wetu ukalingana.

Watu walinipongeza. Mimi nilikuwa nawaza jambo moja: chembe za kinga huzaliwa kwenye uboho. Nikimpa uboho wangu nampa na kinga yangu yote, na kama ugonjwa wa mama umelala humo, nampa na huo.

Nilimwambia daktari. Akanibonyeza kila kidole, akanitoa damu, majibu yakaja safi.

“Lakini ugonjwa unaweza kuhama?” nikamuuliza.

“Umewahi kuonekana ukihama. Na umewahi kuonekana ukiondoka vilevile. Mwenye baridi yabisi kapewa uboho wa mwingine, viungo vikatulia.”

“Kwa hiyo?”

“Kwa hiyo wewe una hofu, dada yako hana damu. Niambie nianze na kipi.”

Walinipiga nusu kaputi, wakanivuta uboho kwenye mfupa wa nyonga. Nilipozinduka swali langu la kwanza halikuwa kama dada ni mzima. Niliuliza kama mfuko wa uboho wangu umeshatundikwa kwake, kwamba sasa haurudi tena. Ulikuwa umeshatundikwa.

Uboho ulishika. Hata kundi lake la damu likageuka, likawa langu. Siku tuliyoruhusiwa kurudi Tabora, tulipovuka kizingiti cha nyumbani tu, akanigeukia akasema, “Shikamoo.”

Nikatua mzigo sakafuni.

“Itikia basi. Damu yote humu ni yako. Siku hizi wewe ndiye mkubwa.”

Alikuwa anacheka. Mimi sikuweza kusema marahaba. Mkubwa hamwamkii mdogo kwetu, hata kwa mzaha, na nilihisi kwamba aliyeniamkia hakuwa yeye.

Miezi ikapita, akanenepa, akarudi kwenye cherehani. Halafu nikaanza kuona mkasi. Zamani alikuwa akiamka tu anakata vitambaa. Sasa mkasi ulilala juu ya kitenge mpaka jua lipande, naye akijifanya anatafuta chaki. Nilimchungulia. Nilijua anajua kwamba namchungulia. Nyumba yetu ikawa na ukimya wa wakati wa mama.

Aliyeuvunja ni mtani wetu, bibi wa Kigogo anayeuza karanga karibu na stesheni. Sisi Wanyamwezi na Wagogo tumetaniana tangu enzi za misafara, na mtani ana ruhusa ya kusema mbele ya mgonjwa lile ambalo ndugu hawalisemi. Alipoambiwa kwamba wageni sasa wanaruhusiwa, alikuja asubuhi na mapema na kikapu chake kichwani.

“Shikamoo bibi,” tukamwamkia.

“Marahaba. Nyie wapagazi! Mlibeba pembe za ndovu za watu mpaka pwani, hazikuwatosha, sasa mnabebeana hata uboho?”

“Na nyie,” dada akamjibu, “mlitutoza hongo ya kupita nchini kwenu, hata kwa kunywa maji tu.”

“Tungeongeza! Haya, kata hicho kitambaa nione.”

Dada akatazama mkasi. Hakuushika.

Bibi akamwangalia vidole, kisha akanigeukia mimi. “Kumbe ndivyo. Mnyamwezi hajui kubeba mzigo mmoja. Umempa dada uhai, ukamfungia na mikono ya mama yenu juu yake.”

Nilitamani sakafu inimeze. Dada akaangua kicheko mpaka akashika mbavu.

“Bibi, nilijua zamani. Daktari aliniambia kabla sijatia sahihi. Nikamwambia mlete mdogo wangu, hata akija na mama.”

“Tangu lini vinakaza?” nikauliza.

“Tangu mfungo uishe. Tutakwenda wakapime. Usinitolee macho, mtoto wewe, ningekuwa kaburini.”

Nikaenda jikoni kwa sababu sikujua pa kuiweka sura yangu. Nilichemsha maji, nikayapooza, nikalishusha beseni la bati kutoka kwenye msumari.

“Hayo mmeyalipia hongo?” bibi akauliza, nasi tukacheka.

Dada akatumbukiza mikono. Kisha dole gumba likaanza kusugua vifundo, likizunguka taratibu, kidole hadi kidole. Mama aliugua dada akiwa ameshaolewa; miaka yote niliyommiminia, dada alikuwa Nzega kwa mumewe. Alikuja sikukuu tu, mchana, mama akiwa ameshajifuta mikono.

“Nani alikufundisha kusugua hivyo?” nikamuuliza.

“Hivyo vipi?”

Akaitazama mikono yake majini, kana kwamba nayo anaiuliza. Bibi aliacha kutania. Nje mtu alipita na baiskeli yenye mzigo mzito, tukaisikia ikilia mpaka ikapotea upande wa Kwihara.

“Yanapoa,” dada akasema. “Ongeza.”

Nikaongeza.