Mtori ni wa Mzazi

Nilipochagua udaktari wa watoto wachanga, bosi wangu wa kwanza alicheka hadi jino la mwisho. Alinishauri niende upasuaji, maana mtu mzima ukimtibu hurudi kushukuru. Nikamjibu kwamba sikusomea kushukuriwa. Ruhusa ya masomo ilikuwa mikononi mwake, hivyo jibu hilo lilinichelewesha kwenda masomoni, na sijalijutia hata siku moja.

Huku Uchagani mwanamke akijifungua hupikiwa mtori, supu nzito ya ndizi na nyama. Hapa Moshi wodi ya wazazi ilinukia mtori kila asubuhi. Yangu, ya watoto wachanga, haikunukia kitu. Kwa mama wa njiti, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, ndugu walileta chai na mkate, kama wanaomtazama mgonjwa wa malaria. Walikuwa wanangoja waone kwanza kama yule ni mtoto. Hilo liliniudhi kuliko bosi.

Asubuhi moja alifika bibi mmoja kutoka mji wa Mkuu. Mkwewe alikuwa amejifungua mtoto wa gramu mia tisa, naye alilala ameelekea ukutani, hataki kukamua maziwa. Bila maziwa yale mtoto hakuwa na chake. Nikamwamkia bibi shikamoo, kisha nikachungulia kikapu chake. Chai na mkate.

"Bibi, mtori uko wapi?"

"Mtori ni wa mzazi, daktari. Huyu hajazaa. Tumeambiwa mimba imeharibika."

Alisema hivyo mkwewe akisikia. Nilipandwa na hasira, lakini lisemwalo lipo: nikafungua kadi ya rufaa waliyokuja nayo, nikalikuta neno lilelile, limeandikwa na msomi kama mimi. Nilikuwa nimemwonea bibi wa watu bure. Nikalikata kwa kalamu, nikaandika "amejifungua mtoto wa kike", nikasaini, nikawasomea kwa sauti. Kisha nikamweka mtoto kifuani kwa bibi, ngozi kwa ngozi, chini ya kanga.

Baada ya muda bibi akashtuka. "Ana kwikwi."

"Mimba iliyoharibika haina kwikwi, bibi."

Mama akageuka kutoka ukutani. Mchana ule alikamua matone machache, nami nikayashangilia kama mwehu. Kesho yake bibi akaja na hotipoti, na wodi yangu ikanukia mtori.

Siku ya tisa mtoto akafa. Nilifanya kila ninachokijua, hakikutosha, na hadi leo naumia.

Kesho yake ndugu walikuja kumchukua mama na kile kifurushi kidogo. Bibi alikuwa mbele, na hotipoti mkononi. Muuguzi akampa pole, akamwuliza taratibu mtori wa nini tena.

Bibi hakusimama. Alipita hadi kitandani, akafungua kifuniko, akamshikisha mkwewe kijiko.

"Mtori ni wa mzazi," akasema. "Huyu amezaa."