Kikapu cha Kahawa Isiyo Kahawa

Nilikwenda Bweranyange kwa sababu ya tumbo la shangazi Kezia. Nalitaja wazi kwa kuwa wote waliokatazwa kulisikia wameshazikwa, na yeye mwenyewe asingenizuia.

Tulikuwa tunakaa Bugene, miaka ile baada ya vita vya Hitla. Dada yangu Kemilembe alikuwa aolewe Jumamosi na Petro, mtoto wa Mzee Katabaro, mfuga ng'ombe. Kwetu bibi harusi hatoki nyumbani bila shangazi. Shangazi ndiye anayeketi naye mbele ya wakwe, kimya, macho chini, mpaka maneno ya wanaume yaishe. Na wanaume wetu mnawajua, maneno yao hayaishi upesi.

Sasa Jumatatu ikaja habari kwamba shangazi Kezia haji. Tumbo limejaa gesi, linanguruma kama lori linalopanda mlima, na halitoi taarifa. "Sitaki kuketi pale likaanza kujibu maneno ya wanaume," alisema. "Ahirisheni harusi." Lakini Mzee Katabaro alikuwa ameshaahirishiwa mara mbili, mara ya kwanza mvua, mara ya pili surua. Alikuwa amesema ya tatu akiisikia, Petro atatafutiwa mke kwingine. Kemilembe alijifunika shuka, akalia mpaka mto ukalowa.

Jumanne mama akanituma kwa Mzee Laurenti. Huyu alikuwa dresa, mfunga vidonda wa askari vitani, akarudi na koti la kijeshi na ujuzi mmoja tu, lakini ujuzi wenyewe ulikuwa mzuri. Alikuwa akichukua maganda ya kahawa na ya ndizi, yale tunayotupa shambani, anayakausha, anayashindilia kwenye chungu, anaziba mfuniko kwa udongo na kukiweka motoni. Yakitoka ni makaa meusi tii. Anayatwanga, anachekecha kwa kitambaa, anakanda kwa uji kidogo na kuviringisha vidonge vya ukubwa wa buni.

"Mkaa huu unakunywa gesi kama mchanga unavyokunywa maji," aliniambia. "Ameze vitano asubuhi, vitano jioni, na maji mengi. Kama ana dawa nyingine asizichanganye, mkaa utazinywa na hizo. Na mwambie akienda chooni ataona weusi. Asiogope."

Alinipa vidonge arobaini. "Visipate unyevu," akasema. Nyumbani kitu chenye mfuniko wa kubana kilikuwa kimoja tu, kikapu kidogo cha mama cha kahawa ya kutafuna. Tukavitia humo. Hapo ndipo tulipokosea, na hakuna hata mmoja aliyeona.

Jumatano alfajiri tuliondoka, mimi na wifi yangu Adelina, mke wa kaka Joronimo. Mama alitushika mikono mlangoni. "Mkipita kwa Mzee Katabaro, tumbo la shangazi yenu lisitajwe. Wakwe wakisikia, tumekwisha."

"Mama, mimi naongea lini?" Adelina akauliza. Mama akaniambia mimi nimchunge.

Tulipanda kilima, tukaacha migomba nyuma, tukaingia rweya, yale majani matupu ya kulishia ng'ombe. Njia ya Bweranyange ilikuwa inakatiza uani kwa Mzee Katabaro. Kupita bila kusalimia haiwezekani, mbwa wake Kashaija atawatangaza.

Saa sita mchana tulikuwa tumekaa kwenye majani laini yaliyotandikwa ndani kwa Mzee Katabaro, tunakunywa maziwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Mnakwenda wapi na harusi iko mlangoni?"

"Kumchukua shangazi," nikasema.

"Hajambo?"

"Hajambo kabisa! Hata tumboni!" Adelina akadakia. Nikamfinya.

Mzee hakusikia. Macho yake yalikuwa kwenye kikapu. Mnajua desturi yetu: kikapu cha kahawa kikiwa mkononi mwa mgeni, mwenye nyumba akikitazama, unakifungua. Usipokifungua umemwita mwizi. Alikitazama. Akakohoa. Akakitazama tena.

Ningesema nini? Kwamba ni dawa? Ya nani? Ya tumbo gani? Nikafungua. Mzee akachota, si kimoja wala viwili, akachota konzi, akatia mdomoni na kutafuna.

Uso wake ulisimama. Lakini yeye ni mkwe, na kahawa ya wakwe haitemwi. Akatafuna. Ukasikika mchakacho kama mtu anayekula ukuta. Mate meusi yakamtoka pembeni mwa mdomo, akayafuta kwa heshima.

"Kahawa ya Bugene," akasema mwishowe, meno yote meusi, "imekaangwa sana mwaka huu." Akachota tena, ili tusidhani ameidharau.

Tulipofika bondeni nikahesabu. Vilibaki tisa.

"Amekula vidonge thelathini na kimoja," nikasema.

"Basi yeye hatajamba mpaka Pasaka," akasema Adelina, akakaa chini njiani akicheka huku anafuta machozi. Mimi nilikuwa nalia kweli.

Jioni tukaingia Bweranyange. Tumbo la shangazi Kezia tulilisikia kabla hatujamwona. Alikuwa amekaa barazani, mwanamke mnene mwenye haya nyingi, na mbwa wake Puku alikuwa mbele yake akilibwekea lile tumbo.

"Mnamsikia?" shangazi akasema. "Hata mbwa ananiona nimeficha mnyama."

Tukampa vitano palepale, na tukamweleza habari ya weusi chooni na ya kikapu kwa Mzee Katabaro. Asubuhi akamalizia vinne. Ngurumo ikawa imepungua, lakini Puku bado alikuwa na wasiwasi.

Alhamisi basi tukawa madresa sisi wenyewe. Nyuma ya kinu cha shangazi kulikuwa na rundo la maganda ya kahawa, makavu, limekaa hapo tangu mavuno, kuku wanalichakura. Chungu cha kwanza Adelina alikizibia huku anasimulia habari za jirani yake, akaacha ufa. Tulipofungua tukakuta majivu matupu. Hewa ikiingia, maganda yanaungua yote na dawa inapotea. Chungu cha pili nikakiziba mwenyewe kwa tope, nikakipaka kama ninavyokandika nyumba, na Adelina nikamtuma maji mbali. Mchana tukakiepua, tukangoja kipoe kabisa. Ndani kulikuwa na mkaa mweusi, mwepesi, unavunjika kwa kidole.

Tulitwanga, tukachekecha, tukakanda. Shangazi akameza vitano saa tisa, na vitano vingine jua lilipokuwa linazama. Kisha tukakaa tukisikiliza. Kimya. Puku alisogea, akategesha sikio kwenye tumbo, akamzunguka shangazi mara mbili kumtafuta adui, akalala.

"Nakwenda harusini," akasema shangazi Kezia.

Ijumaa saa nne asubuhi tulikuwa tena uani kwa Mzee Katabaro, safari hii watatu, shangazi akiwa ametafuna vitano vya asubuhi njiani. Uani palijaa watu. Mzee alikuwa amelazwa kwenye mkeka, uso umekunjamana, anagawa ng'ombe.

"Bihogo apewe mdogo wangu Anatoli," alikuwa akisema kwa sauti ya kukata roho. "Kahogo abaki na mama Petro." Kisha akatuona. Akanyoosha kidole. "Hao! Wamenilisha sumu, sasa wanarudi kunitazama nikifa! Petro! Hakuna harusi!"

Petro alikuwa amesimama nguzoni, rangi imemtoka. Nikamwona akilini Kemilembe na ule mto wake uliolowa.

Shangazi Kezia akatua mzigo wake. "Mkwe, umeona nini?"

"Sisemi mbele za watu."

"Chooni?"

Mzee akafumba macho. "Nyeusi."

"Nyeusi kama nini?"

"Kama chungu! Mtu mzima anatoa masizi! Huo si mwisho?"

Shangazi akamkaribia, akainama, akatoa ulimi wote. Ulikuwa mweusi kama kitako cha sufuria. Watu wakarudi nyuma.

"Hata mimi ni masizi tupu tangu jana," akasema kwa sauti kubwa, yule mwanamke mwenye haya. "Sikilizeni nyote. Mimi Kezia nina tumbo linalonguruma. Ndilo lililotaka kuvunja harusi hii. Ile haikuwa kahawa, ilikuwa dawa yangu ya gesi, mkaa wa maganda ya kahawa, na wewe mkwe umenilia! Watoto wangefanyaje, ulikuwa unakitazama kikapu kama paka." Akatoa vidonge vitano kifuani, akavimeza mbele yao kwa maji ya kibuyu. "Kama ni sumu, tufe wote. Haya, niambie. Tumbo lako linasemaje?"

Mzee akajisikiliza. "Halisemi kitu," akasema, kama mtu aliyeibiwa.

Mke wake, mama Petro, akapiga makofi. "Kweli! Tangu nimeolewa nalala na ngoma pembeni. Juzi ngoma ikanyamaza, nikajua amekufa, nikamgusa kwa mwiko!"

Uani pakaangua kicheko. Mzee Katabaro akainuka taratibu, akajipangusa vumbi, akajitengeneza shuka begani. Watu wakamgeukia, maana alikuwa bado hajalifuta neno lake juu ya harusi.

"Anatoli," akasema, "rudisha Bihogo. Kesho tunakwenda kuoza."

Jumamosi Kemilembe akatoka, shangazi ubavuni mwake, macho chini. Maneno ya wanaume yaliendelea mpaka kivuli kikahama ukuta, na hakuna tumbo lililochangia, si la shangazi, si la mkwe. Mwisho Mzee Katabaro aliulizwa kama upande wake una neno la kuongeza. Akasema lipo moja. Akaomba bibi harusi aje na chungu, na aonyeshwe namna ya kukiziba.

Nami nilichojifunza katika safari hiyo ni mambo mawili: tope lisiache ufa, na ugonjwa utajwe kwa jina lake kabla mtu hajaanza kugawa ng'ombe. Ukoo wa Mzee Katabaro wao walijifunza la tatu. Mpaka leo ukiwafungulia kikapu cha kahawa, hawachoti. Wanakuomba kwanza utoe ulimi.