Mali ya Mtu Ukingoni mwa Korongo

Aliyenipa mtaji alikuwa mjane wa Kondoa, jirani yetu, muuza vitambaa. Mtaa mzima tulimwita Mama. Tulipatana kwa mudharaba: mali yake, miguu yangu. Faida tungegawana, hasara isiyotokana na uzembe wangu ingekuwa juu yake. Akaweka sharti moja mbele ya mashahidi.

"Usishushe mali yangu korongoni maji yakiwa yanapita. Hata kama yanaishia kwenye kifundo cha mguu."

Nilikubali, lakini ile habari ya hasara sikuiamini. Niliwahi kukopa pikipiki kwa riba. Nilipolazwa kwa malaria, mwenyewe aliifuata nyumbani na kuikokota mbele ya mke wangu. Nilijua mwenye fedha anavyogeuka.

Nilinunua ufuta vijijini Chemba, kwa wakulima waliobishana bei kwa lugha yao ya vidoko, ulimi ukialika mdomoni, huku mimi nikisoma nyuso tu. Nikakodi lori la Fuso pamoja na dereva wake. Korongo tulilolivuka asubuhi likiwa mchanga mtupu, tulilikuta jioni linapitisha maji mekundu. Pale tuliposimama haikuwa imenyesha hata tone. Mvua ilikuwa milimani.

"Yanafika magotini tu," dereva akasema. "Tunapita."

"Hatupiti, kaka. Mali si yangu."

"Basi shusha magunia yako. Mimi nina mzigo mwingine unanisubiri Dodoma."

Nilimsihi angoje. Hakungoja. Tulishusha magunia pamoja pale ukingoni, kisha akaingia majini. Gari liliyumba, likanguruma, likapanda ng'ambo. Akapiga honi, akaenda zake.

Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa wakati ule. Amepita! Nitamwambia nini yule mama? Nani ataamini kwamba palikuwa na hatari, ikiwa gari limepita salama na mimi nimebaki na ufuta njiani kama mwendawazimu?

Mvua ikanifikia. Turubai lilikuwa la gari, limeondoka nalo. Nilianza kuburuta magunia kuelekea kichuguu kilichoinuka kidogo. Nyuma yangu maji yalibadilisha sauti. Yakawa yanasaga mawe. Nilipogeuka, ukingo ulimegeka, na magunia yaliyokuwa juu yake yakaenda bila kishindo. Nilirudi mbio kudaka moja, udongo ukaniteleza chini ya mguu, nikashika kichaka cha miiba kwa mikono yote miwili. Nilitoa shahada. Sikujua kama ninailia mali au roho yangu.

Niliopolewa na wachungaji waliokuwa wakirudisha ng'ombe. Ufuta uliobaki ulikuwa umelowa. Sehemu kubwa ilichacha kabla sijapata usafiri.

Kufika Kondoa, nilizunguka sokoni nikitafuta sababu ya kutokwenda dukani kwake. Mwishowe nilikwenda. Mikono yangu yenye mikwaruzo niliificha mgongoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Uliteremka korongoni?"

"Sikuteremka. Lakini mali imekwenda."

Nikamweleza yote, hata habari ya gari kupita salama. Alikunja kitenge, akakikunjua, akakikunja tena. Nilisubiri aniite mwizi. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa ncha ya mtandio.

"Inaniuma," akasema. "Nisikudanganye, inaniuma sana. Lakini hasara ni yangu. Wewe umepoteza jasho."

"Mama, ningepita labda..."

"Labda. Sharti hili sikulitunga mimi. Wafanyabiashara wa Uarabuni waliishi nchi kame kama hii. Wenye mali walibaki mjini, misafara ikaenda mbali wasikoweza kuona. Mvua ikinyesha mlimani, bonde lisilo na wingu linazoa ngamia na watu. Ndiyo maana wakapatana kabla ya safari nani atabeba nini. Baada ya mafuriko kila mtu ana maneno yake."

Akaniuliza kama nimekula. Nilisema ndiyo, ingawa sikuwa nimekula, kwa sababu nilitaka kutoka nje.

Msimu uliofuata alinipa mtaji tena, mdogo zaidi. Niliupokea kwa woga. Yule wa pikipiki nilimwogopa kwa alichoweza kuninyang'anya. Huyu nilimwogopa kwa sababu aliniamini. Mpaka leo wingu likijikusanya juu ya milima, hata niwe nimekaa nyumbani bila mzigo wowote, hujikuta nimesimama mlangoni, nikisikiliza kama maji yanasaga mawe.